Dirisha Katika Sura ya Saba

11 Februari

Mdadisi wangu,

Hujambo mwanangu? Huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mama yako goti limetulia, ila fimbo amekataa kuiacha, anasema wameshazoeana. Mjomba wako ameanza kujifunza baiskeli. Ndiyo, katika umri ule. Jumapili alimparamia muuza ndoo, wakaanguka wote wawili, na aliyeomba radhi ni muuza ndoo.

Sura ya nne ya kitabu chako ililetwa na dereva wa basi ikiwa na doa la mafuta, lakini inasomeka. Niliisoma darasani kama kawaida yetu: sikuifungua mpaka wote walipoketi. Unaujua msimamo wangu. Mwalimu akisoma kwanza peke yake, sauti yake huwaambia wanafunzi wapi pa kucheka. Mimi nataka tufike pamoja.

Matokeo ni haya. Walicheka pale bibi harusi anapokataa kuvua viatu. Walinyamaza pale baba yake anapomwita kwa jina la marehemu dada yake. Pale unapoeleza mvua walichoka. Spika alisema, "Imenyesha, tumeelewa, tuendelee." Spika ni yule muuza nyanya, sauti yake haihitaji umeme. Punguza mvua.

Ghala tuliloazimwa na chama cha wakulima bado linanuka magunia, lakini lina ubao na taa mbili. Wanawake waliokuja hawajui penseli inashikwa upande gani sasa wanasoma kwa zamu. Anayewashinda wote ni Fundi, mshona nguo wa barabara ya mahakama. Anasoma kama anavyoshona, harudi nyuma. Mumewe ni karani wa mahakama, mtu mpole, wa kukunja leso kabla ya kuirudisha mfukoni. Juzi Fundi alikuja na gauni la mikono mirefu katika joto hili. Spika akamuuliza kulikoni, akasema amejigonga mlangoni. Spika akasema, "Huo mlango wenu una ngumi?" Tukacheka, na Fundi naye akacheka. Kicheko chake kile bado ninakifikiria.

Lete sura ya tano. Na ule, usikonde.

Mama yako Mkubwa


9 Machi

Shikamoo Mama Mkubwa,

Barua imefika, nimeisoma mara mbili, na mvua nimeipunguza. Mwambie Spika kwamba pale gazetini kwetu hakuna mhariri anayenikata kwa maneno machache kama yeye. Mama mpe pole ya goti, na fimbo mpe hongera.

Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine, ghorofa ya tatu, jirani yangu anajifunza tarumbeta. Kazini bado wananipanga vikao vya halmashauri na kesi ndogondogo. Nikirudi naandika kitabu. Mama mmoja wa kampuni ya vitabu amezisoma sura tatu za mwanzo. Anautaka mswada wote kabla mwaka haujaisha. Ana sharti moja: wasomaji wamechoka na wanawake wanaolia, anataka mwanamke anayeshinda.

Sura za tano na sita ziko katika bahasha hii.

Huyo Fundi hutokaje nyumbani jioni? Mumewe anajua kwamba anasoma? Nauliza tu.

Mwanao,
Mdadisi


2 Aprili

Mdadisi,

Salamu zako nimezifikisha. Mjomba sasa anapanda baiskeli vizuri, tatizo ni kushuka.

Sura ya tano imependwa, ya sita imependwa zaidi. Mama Pacha, yule mwenye watoto wawili mgongoni na kifuani, alisema, "Huyu binti wa dada yako amewahi kuishi kwetu?" Ichukue kama sifa.

Uliuliza kuhusu Fundi. Hutoka na futi ya kupimia shingoni, akimwambia mumewe kwamba anakwenda kumpima mteja. Daftari analificha kwenye droo ya cherehani, chini ya nyuzi. Wiki iliyopita tulibaki wawili tukifagia ghala, akaniambia mengine. Mumewe hapazi sauti kamwe. Kwanza analisogeza pazia lisibanwe, kisha anafunga dirisha, anatia komeo, ndipo anageuka. Wana binti mmoja wa miaka saba. Akimwona baba yake anaelekea dirishani, mtoto huenda kukaa chini ya cherehani.

Nakuandikia wewe kwa sababu hapa sina wa kumwambia. Nikimwambia mama yako, kesho atakwenda kumtukana karani mbele ya watu.

Nilimwambia Fundi aende akashtaki. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto. "Mwalimu, mashtaka yanaandikwa meza ya nani?"

Ni kweli. Mwanamke asiyejua kuandika hufika pale, hueleza, karani huandika, kisha mwanamke huweka dole gumba. Ameandika nini, ni yeye na karatasi wanaojua.

Basi, nimeutua mzigo. Lete sura.

Mama Mkubwa


6 Mei

Shikamoo Mama Mkubwa,

Natumaini mmeamka salama wote. Mimi nilikuwa na mafua, yameisha. Jirani wa tarumbeta sasa anajua wimbo mmoja na amekataa kujifunza wa pili.

Hii hapa sura ya saba. Nimeiandika kwa kasi kuliko zote zilizotangulia, na mama wa kampuni ya vitabu aliponisikia nikimsomea alisema huyu sasa ndiye mwanamke aliyekuwa akimsubiri. Mhariri wetu wa ukurasa wa hadithi pia ameisifu.

Nieleze vizuri wapi wamenyamaza.

Wako,
Mdadisi


30 Mei

Mdadisi,

Mama yako hajambo. Mjomba hajambo. Wengine wote hawajambo.

Uliniomba nikueleze wapi wamenyamaza. Walinyamaza kwenye pazia.

Nilifungua bahasha mbele yao kama kawaida. Nilisoma kuhusu mshona nguo mwenye futi shingoni, nikadhani umemtania mwenzetu kidogo, na wengine wakamtazama Fundi wakitabasamu. Kisha nikafika mahali mwanamume anaposogeza pazia. Niliona mistari iliyokuwa inakuja, mwanangu. Komeo, mtoto chini ya cherehani. Nilikuwa na muda wa kuvuta pumzi moja tu. Ningesimama, ningekuwa nimemnyooshea kidole. Ningebuni kitu kingine, lakini mimi si wewe, sijui kubuni. Nikasoma mpaka mwisho kwa sauti ileile.

Mwisho wako wameupenda sana. Mwanamke anamwamsha mtoto, wanatoka alfajiri, wanapanda lori la mbao, na dereva hawaulizi kitu. Walipiga makofi. Mama Pacha alisimama. Spika alipiga kelele, "Nenda, mama, nenda!" Aliyekuwa hapigi makofi ni mmoja. Alikuwa akiizungusha futi kidoleni, anaizungusha, anaifungua.

Alipokuwa anatoka aliniambia, "Mwalimu, mimi nilikueleza wewe."

Nikafunga ghala peke yangu.

Kesho yake asubuhi Spika aliisimulia sura nzima kwenye foleni ya maji, na wasiokuwa darasani nao wakaijua. Hakuwa na nia mbaya. Kwake ni hadithi tamu. Tangu siku hiyo Fundi hajaja.

Uliniuliza "nauliza tu", nami nikakujibu. Kosa hilo tutagawana. Lakini sura ya saba iondoe. Isichapishwe popote.

Mama Mkubwa


21 Juni

Mama Mkubwa, shikamoo.

Barua yako ilifika jana. Sina la kujitetea. Kazini, mtu akinieleza jambo, namuuliza kama naweza kuliandika. Kwa kitabu sikuuliza, kwa sababu nilijiambia kwamba kitabu si habari. Niliona dirisha lile na nikalitaka.

Sura nitaiondoa kitabuni. Nimekwisha kumwambia mama wa kampuni. Amekasirika, atapoa.

Tafadhali niambie Fundi yuko katika hali gani. Kama amerudi darasani, mwambie naomba radhi. Kama hajarudi, usimfuate nyumbani.

Mimi mzima.

Mdadisi


19 Julai

Mdadisi,

Usishangae mwandiko. Mkono unanisumbua kidogo, kwa hiyo mimi nasema na mwanafunzi wangu anaandika. Mama yako anakusalimu. Mjomba ameuza baiskeli.

Ulisema utaiondoa kitabuni. Hukusema kitu kuhusu gazeti lenu.

Lilifika Jumatatu. Hakimu ana desturi ya kupitia ukurasa wa hadithi kabla ya kuanza kesi, na siku hiyo aliusoma kwa sauti, makarani na askari wakisikiliza. Alipofika kwenye dirisha alicheka, akasema, "Karani, huyu bwana anafunga dirisha kama wewe unavyofunga haya ya ofisi." Hakukusudia lolote. Karani naye alicheka. Kazi ilipoisha akaomba gazeti aende nalo nyumbani.

Alimketisha mkewe, akamsomea polepole, tangu futi mpaka lori. Akakunja gazeti. Akamuuliza, "Linaondoka saa ngapi?"

Fundi alisema hajui lori lolote. Akamuuliza tena. Mdadisi, yule mwanamke hakuwa na lori. Hakuwa na safari wala mahali pa kwenda. Mpango wote ulikuwa wako. Lakini yeye ndiye aliyeulizwa, na kila aliposema hajui, ikahesabiwa kwamba anaficha.

Jioni aliweza kutoka na mtoto wakaja kwangu. Karani alifuata baadaye kidogo. Alinipigia hodi vizuri, akaniamkia. Akasema amekuja kuchukua familia yake. Nikamwambia familia yake inapumzika. Ikawa hivyo. Majirani walikuja, akaondoka.

Usije. Ukija wewe, kila mtu atajua sura hiyo ilimhusu nani, kama kuna ambaye bado hajui.

Mama Mkubwa

Dada, mimi ninayeandika barua hii ndiye yule uliyemwandika. Mwalimu amekataa niseme, lakini amesinzia, na mimi nasema. Mkono wake haumsumbui kidogo, umevunjika. Alisimama mlangoni akaushika mwimo asipite mtu, na mume wangu akafunga mlango huku mkono ukiwa pale. Kwanza alisema samahani. Mimi jino moja limetoka na sikio la kushoto halisikii vizuri. Mtoto ni mzima. Nimeandika haya bila kusaidiwa na mtu.


8 Agosti

Mama Mkubwa, na wewe Fundi,

Shikamoo Mama Mkubwa. Ungeniambia kuhusu mkono. Najua kwa nini hukuniambia, na najua sina haki ya kukulaumu kwa kuficha, kwa sababu nilipoandika ile barua ya Juni gazeti lilikuwa limeshatoka. Nilikuwa nimempa mhariri wetu sura hiyo Mei, hata kabla ya kuwatumia ninyi. Nilijiambia magazeti yetu hayafiki huko. Yanafika, nami nayaona kila wiki yakipakiwa.

Fundi, sikuombi unisamehe. Nakuuliza nilichopaswa kukuuliza Mei: unataka niifanyeje sura hii? Ukisema niichome, nitaichoma. Ukitaka niandike habari kamili, kwa majina, juu ya karani wa mahakama anayepiga mkewe, nitaandika na nitagombana na yeyote wa kugombana naye.

Mama Mkubwa, mganga wa mifupa wa hospitali anasemaje? Nijibu ukweli.

Mdadisi


14 Septemba

Mdadisi,

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vumilia mwandiko wa kuku. Daktari anasema mfupa umeunga vibaya, wa kulia hautarudi ulivyokuwa. Ubaoni sasa wanaandika wanafunzi. Mama yako alikwenda kumtukana karani mbele ya watu, kama nilivyotabiri, na sikumzuia.

Habari gazetini Fundi amekataa. Amesema nikunukulie hivi: "Mara ya kwanza mume wangu alisoma, nikaumia. Simpi kitu kingine cha kusoma."

Badala yake tulikwenda mahakamani wenyewe, darasa zima. Fundi alikuwa na maelezo yake, mimi yangu, na kila aliyeona au kusikia alikuwa na yake, yameandikwa ghalani, kila mmoja kwa mkono wake. Karani alikuwa mezani. Hakuna meza nyingine ya kupokelea mashtaka. Aliyachukua, akayapanga pembe kwa pembe, akasema kwa adabu kwamba sheria inamtaka ahakikishe kila mmoja anakielewa alichokileta. Kwa hiyo kila mmoja asome chake.

Alidhani ametushika. Kwa miaka yote amewaona hawa wakiomba wasomewe risiti.

Mama Pacha alisoma kwanza, akikwama kwenye maneno marefu, lakini alifika. Wakafuata wengine. Zamu ya Spika ilipofika, kesi iliyokuwa ikiendelea chumba cha pili ilisimama. Hakimu alitoka mwenyewe kuuliza ni nani anahutubia. Spika akamwambia, "Ni mimi mheshimiwa, nasoma. Karani ametaka kuhakikisha." Akaanza upya tangu juu, hakimu akisikiliza. Fundi alisoma wa mwisho. Alisoma akimtazama mumewe usoni, kwa sababu maneno alikuwa ameyajua kwa moyo. Nimefundisha maisha yangu yote na sijapata kuona kitu kama kile.

Natamani barua iishie hapo.

Hakimu alikaa na jambo letu siku kadhaa. Akaamua kwamba si vizuri kuvunja nyumba ya mtumishi kwa ugomvi wa ndani. Karani amepewa onyo na uhamisho, mbali, tena kwa cheo cha juu kidogo, kwa sababu huko walikuwa wanahitaji karani mkuu. Na mtoto akae na baba, mwenye kipato na makazi, mpaka mama atakapopata makazi ya kueleweka. Nyumba yangu haieleweki, inaonekana.

Mtoto alichukuliwa shuleni kabla ya kengele ya mchana. Fundi alifika na sare ya akiba aliyokuwa amemshonea, akakuta kiti kitupu.

Wiki hiyohiyo afisa elimu alikuja ghalani. Darasa letu limetajwa kuwa mfano. Alitoa hotuba ndefu juu ya mwanamke aliyeelimika, hakimu akiwa meza kuu, akanikabidhi saa ya ukutani. Niliipokea kwa mkono wa kushoto na mpiga picha akaniomba nibadilishe mkono.

Mama Mkubwa


10 Oktoba

Shikamoo Mama Mkubwa,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Kuhusu mtoto, nimefanya kitu ninachokijua. Watumishi wa mahakama huandikwa kwenye orodha ya uhamisho, na orodha hiyo nimeiona. Nimempigia simu mwandishi wetu wa huko, akaenda kutazama. Mtoto yupo, anaangaliwa na jirani wakati baba yuko kazini. Bado hajaandikishwa shule.

Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Nimekaa nayo siku nyingi nikijiuliza kama niitume. Kuificha kungekuwa kumfanyia Fundi uamuzi, na nimeshamfanyia mmoja. Lakini msimamie. Asiende peke yake. Ngoja nitafute wakili hapa, na nitampata, nipe muda.

Mdadisi


23 Novemba

Mdadisi,

Mama yako anakusalimu, kifua kinambana kidogo. Mjomba yuko kwake anamsaidia, yaani anakula.

Fundi ameondoka.

Nilimpa karatasi yako mkononi. Sikumsomea, aliisoma mwenyewe, pande zote mbili. Nilimweleza habari ya wakili. Akauliza itachukua muda gani. Nikasema sijui, miezi, labda mwaka. Akasema, "Mwaka mzima mtoto anakaa chini ya nini? Cherehani ninayo mimi."

Nikamwambia atakuua. Nilisema neno hilo wazi, Mdadisi, si kwa kuzungushazungusha. Akasema, "Labda. Lakini akifunga dirisha nikiwa sipo, anageukia nani?"

Spika alimshika nguo akalia, yeye ambaye hajawahi kulia mbele yangu. Mama Pacha alisema twende wote, kama mahakamani. Fundi akakataa. Akasema tukifika wote atakuwa na adabu mpaka tutakapopanda basi la kurudi.

Alinisaidia kutundika saa yao ya ukutani ikae sawa, akafagia ghala, akafunga cherehani kwenye gunia. Alipanda basi la saa nne asubuhi pale sokoni, watu wakinunua na kuuza kama kawaida. Hakuna kilichosimama. Nilimwambia aniandikie. Akasema huko hataandika, asije akajulikana kwamba anaweza. Bora mumewe aamini kwamba ile siku alikariri tu. Ndiyo hali aliyoondoka nayo, mwanafunzi wangu bora: anakwenda kujifanya hajui kusoma.

Uliuliza sura ya saba ifanyweje. Nilimkumbusha akiwa tayari mlangoni mwa basi. Amesema: "Dirisha aliondoe. Huku kurudi kwangu akuache kitabuni."

Nilimuuliza maana yake nini. Akasema anakuelewa wewe, wewe utamwelewa.

Mama Mkubwa


17 Januari

Shikamoo Mama Mkubwa,

Heri ya mwaka mpya, ingawa tumeuanza hivi. Mama nimemwandikia mwenyewe kuhusu kifua, aende akapimwe.

Sura nimeiandika upya. Hakuna dirisha, pazia wala futi. Mke si mshona nguo tena na mume si karani. Wana wavulana wawili. Lori nimeling'oa pamoja na dereva wake. Nimeisoma kama mtu mwenye nia mbaya, nikitafuta ninapoweza kumtambua Fundi, na simwoni. Kilichobaki ni mwanamke anayetoka, na baadaye anarudi kwa sababu ya watoto, na akijua kabisa anarudi wapi.

Mama wa kampuni ya vitabu hakupenda. Amesema sura imepauka, na amesema, "Wewe uliniahidi mwanamke anayeshinda." Nikamwambia itabaki ilivyopauka. Nikamweleza kwamba kama anataka ushindi, kuna wanawake waliosoma maelezo yao mahakamani mmoja baada ya mwingine, nami sijapata ruhusa yao. Akatia saini mkataba.

Kitabu kitatoka katikati ya mwaka. Mwandishi wetu wa kule aliacha kazi na aliyemrithi hajibu. Wewe umesikia lolote?

Mdadisi


3 Julai

Mdadisi wangu,

Mama yako amepimwa, ni pumu, ana dawa. Mjomba amemnunua mbuzi asiyetaka kushikwa na mtu, wanaelewana.

Vitabu vimefika, boksi zima, na jina lako liko mbele kwa herufi kubwa. Mama yako amelala na chake kifuani kwa sababu ya pumu, anasema. Ghalani kila mmoja amepata nakala. Spika alinusa kurasa, akasema ni kweli kimetoka kwetu, kinanuka gunia. Nimejivuna, sitakuficha. Nilianza darasa hili na wanawake waliokuwa wakigeuza barua za watoto wao juu chini, na sasa wanakaa na kitabu cha mtoto wetu, wanageuza kurasa kwa wakati mmoja.

Desturi tumeibadilisha. Siku hizi mimi nasoma sura kwanza, peke yangu, kabla hawajaingia. Sauti yangu inajua mapema. Hakuna aliyelalamika.

Juma hili tulifika sura ya saba. Tuliisoma kwa zamu. Umefanya kazi nzuri, hata mimi ninayemjua sikumwona. Lakini wote walijua. Waliisoma kwa utaratibu, bila kupaza sauti, na ilipoisha hakuna aliyepiga makofi. Hata Mama Pacha aliyekuwa akinyonyesha hakusimama safari hii.

Kisha Spika akafunga kitabu, akauliza, "Na mtoto?"

Nikamwambia katika kitabu watoto ni wawili, ni wavulana, na wako salama.

Akasema, "Mwalimu, sijauliza kitabu."

Uliniuliza Januari kama nimesikia lolote. Sijasikia. Nilituma barua kwa jina la dada wa mteja, kuuliza bei ya kushona sare, nikijua Fundi ataelewa. Imerudi. Juu ya bahasha kuna mwandiko mzuri, ulionyooka, wa mtu aliyezoea kuandika mashtaka ya wengine: hapa hapana mshonaji.

Mama Mkubwa